Chupa Iliyobebwa Kwapani

"Anti, unachekea nini na kaka yangu anakufa?"

Sumayah aliuliza hivyo akiwa na miaka kumi, amesimama dirishani mwa maabara ya hospitali moja mjini Arua. Ndani, Kevina, fundi wa maabara, alikuwa ameinamia darubini, mabega yanatikisika kwa kicheko.

Kaka mwenyewe, Lokule, alikuwa mfyatua matofali kule Kuluba, Koboko. Siku moja ya joto alipiga mbizi kwenye shimo la udongo lililojaa maji. Siku ya tano kichwa kilimuuma hadi akawa hamtambui mama yake. Sindano za malaria hazikufua dafu. Kliniki moja ya huko ilimtoa maji ya uti wa mgongo, ikayafunga vizuri kwenye barafu, kama walivyozoea kufanya na damu, ikayatuma Arua pamoja naye.

Kevina aliyatazama, akakunja uso. "Wamepoza. Kama ni ile amiba ya maji ya shimo inayoingia puani, ikipata baridi inajikunja, inafanana na chembe nyeupe ya damu. Nitaijuaje?"

"Amiba ya ubongo?" daktari akabisha. "Hiyo iko ndani ya vitabu, Kevina."

Hata hivyo alikubali kutoa maji mengine. Safari hii Kevina aliisokomeza chupa ya maji hayo kwapani isipoe, akavuka uwanja mbio, mkono umebana ubavu, Sumayah nyuma yake.

"Kevina, umeiba kuku ya nani?" akatania mlinzi, mzee Acidri.

"Iko moto, muzee. Toka njia."

Akadondosha tone kwenye kioo, akatazama, akacheka. Sumayah alipouliza swali lake pale dirishani, Kevina alimvuta ndani, akamkalisha kwenye stuli. Sumayah akachungulia darubini, akaona kidude kikisukuma mguu mmoja mnene mbele, kikajivuta, kikasukuma tena. Kilikuwa na haraka zake!

Saa ileile Lokule akaanzishiwa dawa kali ya fangasi inayoua hata amiba, na nyingine za kuisaidia. Wengi hawaponi. Siku ya tisa aliomba ugali wa muhogo.

Miaka saba baadaye Sumayah, sasa mwanafunzi wa sinia ya tano, yaani kidato cha tano, alimkuta Kevina sokoni Mvara akichagua nyanya. Akamuuliza tena alichekea nini siku ile.

"Bado unashika hiyo neno?" Kevina akarudisha nyanya. "Sikia, mwanangu. Nilipoona inatembea, nilifurahi kwanza kwamba mimi iko sawa, daktari iko makosa. Kaka yako nilimkumbuka nyuma. Sasa hiyo ningekuambia namna gani?"