Nyar Ndhiwa Ameukata Mmea wa Mama

Leo mke wa mwanangu ameshika mkasi, na mimi nusura nilie.

Wapenzi wa maua wa kundi hili, mnaujua mmea wangu wa kutambaa, ule uliozunguka sebule yote hapa Homa Bay. Mgodi wa Macalder ulipofungwa, miaka ile ya sitini, mama yangu alihama nao ndani ya kopo. Akaniambia, "Usiukate mpaka turudi."

Sijaukata kamwe.

Leo narudi kutoka kanisani, nakuta ukuta mtupu!

"Nyar Ndhiwa, umefanya nini?" (Kwetu mke huitwa binti wa kwao; yeye katoka Ndhiwa.)

"Mama, hii maua ilikuwa imebaki kamba tu. Majani yote iko mwisho huko. Kuja uone."

Mezani, chupa tisa za maji. Kila kipande kimekatwa chini ya fundo, pale mizizi hutokea, fundo limezama majini. Sikupata la kusahihisha, na ninyi mnanijua.

Nikakaa. Nikamweleza agizo la mama.

Akauweka mkasi mezani.

"Sasa Mama, si imeshakatwa? Basi lazima turudi."

Mizizi ikitoka, tunaenda. Nani kati yenu yuko Macalder, mwenye dirisha lisilochomwa na jua, nimwachie chupa moja?