Yuka ya Bi Genowefa

Kule Suwałki, ambako baridi haina adabu, mtu akikupa mche au mbegu ni mwiko kumshukuru. Ukitamka tu "asante", mmea unakufa, hata miaka ikiwa imepita. Bi Genowefa, fundi cherehani mstaafu, alilijua hilo tangu utotoni, ndiyo maana kwa miaka saba neno hilo lilikuwa limemkwama kooni.

Mbegu alipewa na jirani yake wa bustanini, mzee Walenty, mwaka aliofiwa na mumewe. Alikuwa amejifungia ndani, hata supu hapiki. Walenty akagonga mlango, akamtilia mkononi mbegu kumi na mbili, nyeusi na bapa.

"Yuka hizo, mmea wa majani makali kama visu, wa milimani Amerika. Ziloweke leo. Kesho nakuja kukagua."

"Niache, Walenty. Si zitakufa na baridi tu?"

"Baridi haiziui, bibi wee. Kinachoziua ni maji. Na uvivu wako."

Kesho yake akaja kweli, na keshokutwa pia. Ikabidi Genowefa atoke kitandani, japo kwa kuona haya. Alizipanda kwenye vikopo vya mtindi dirishani, tisa zikaota. Zilipohamia nje, majira ya baridi ya kwanza alizionea huruma akazifunika nailoni, na unyevu ukaziozesha zote isipokuwa moja. Walenty alimcheka mpaka akapaliwa, kisha akamletea ndoo mbili za changarawe. Humo hiyo moja ikashika, theluji ikaja ikaenda, na Juni hii ikachomoza shina la maua kwa mara ya kwanza.

Juni hii hii Walenty, magoti yamemwisha, anahamia kwa binti yake mjini Gdańsk. Alikuja kuaga, na maua yalikuwa bado wiki mbili.

"Utanitumia picha," alisema, akigeuka kwenda.

Genowefa alilitazama shina, akamtazama mzee. Atamwona tena lini?

"Walenty. Asante."

"Wee! Una wazimu? Maua yako yamo njiani!"

"Yakifa na yafe. Asante kwa mbegu. Asante kwa kunitoa kitandani. Nimechoka kunyamaza."

Walenty akainama kwa taabu mpaka kwenye lile shina. "Usimsikilize huyu," akaliambia. "Hata mimi sijasikia kitu."

Na machozi yalikuwa yakimtiririka mpaka kwenye masharubu.