Siku Ukumbi Ulipocheka Maneno Yangu

Mume wangu alikuwa mwalimu wa sekondari hapa Tukuyu, na likizo zilipofika aliandika michezo ya kuigiza. Ilichekesha kwa namna ya kukosesha raha. Katika mmoja, watoto wanagombea koti la baba yao, naye bado amelivaa, anakata roho. Katika mwingine, marehemu anaamka msibani kwake kulalamika kwamba ndizi hazina nyama. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, kisha wakatoka ukumbini bila kutazamana. Mimi nilicheka kuliko wote.

Kisha binti yetu akafa. Alikuwa darasa la kwanza. Homa ilimshika wakati wa mvua kubwa, tukamkimbiza hospitali, na kesho yake asubuhi akatutoka. Nesi alipokuja kumfunika shuka, nilimwomba amvalishe soksi kwanza, maana wodi ile ilikuwa na baridi kali.

"Mama, hasikii baridi tena," aliniambia kwa upole.

"Wewe umewahi kufa ukajua?"

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni, amekumbatia sweta la mtoto. Hakusema kitu. Hata makaburini hakusema kitu.

Mwaka uliofuata aliandika mchezo mpya, asinionyeshe. Jumamosi moja mchana nilikwenda kuutazama kwenye ukumbi wa kanisa pamoja na mama mkwe wangu. Pazia lilipofunguka nikaona kitanda cha hospitali, na mume wangu mwenyewe amesimama mlangoni, anaigiza baba. Aliyeigiza mama, mwalimu mwenzake, akamgeukia nesi na kusema, "Wewe umewahi kufa ukajua?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mwanamume mmoja nyuma yangu alipiga makofi. Nilimshika mama mkwe mkono. Tukatoka nje kwenye manyunyu. Hakujua kwa nini nimetoka, kwa sababu siku ile hospitalini hakuwepo.

"Ni maneno yangu, mama," nilimwambia. "Nilimwambia nesi hivyohivyo."

Akajifunika uso kwa kitenge.

Mume wangu aliporudi nyumbani nilimwuliza, "Ulikosa kingine cha kuchekeshea watu?"

"Hukukaa mpaka mwisho."

"Mwisho naujua. Nilikuwepo."

Akaketi, poda ya jukwaani bado iko usoni. "Yule baba ni mimi," alisema. "Hana neno hata moja. Nimejaribu kumwandikia, kila nililoandika likawa uongo. Wewe peke yako ndiye uliyesema kitu siku ile."

Akaanza kulia. Sikuwahi kumwona akilia. Nilitaka kumshika, na nilitaka kumpiga. Mikono yangu ikabaki mapajani.

Alisema ataufuta mchezo ule. Nikamwambia watu wameshausikia. Hatukugombana tena, ila tangu hapo kila neno nililipima kabla ya kulisema mbele yake, nikiogopa litapandishwa jukwaani. Naye aliliona hilo. Tukawa watu wa kusalimiana tu. Alipopata uhamisho wa kwenda Mbeya nilimkunjia nguo zake vizuri, nikahamia Kisondela kwa mama yangu.

Hupiga simu Jumapili, watu wakishatoka kanisani. Juzi aliniuliza kama tumeanza kuchuma parachichi. Nikamwambia bado changa. Akasema sawa, nisalimie mama. Simu ilipokatika nilikaa chini palepale shambani nikalia, mpaka mama akaja kunitafuta.