Kipya kwa Kumi na Mbili, Kikuukuu kwa Ishirini

Wauza samaki wa soko la Wete walimpenda Mbarouk Kificho kwa jambo moja: hakupatana bei. Akiambiwa changu huyu ni shilingi, alitoa shilingi. Akiona ni ghali, aliinuka akaenda zake kimya, bila hata kumfunua samaki mashavu. Wageni walidhani ni tajiri. Vijana wa sokoni walisema alipoanguka mkarafuuni alianguka na akili zake. Walioshangaa zaidi ni waliomjua zamani, maana Mbarouk wa zamani alikuwa balaa.

Mbarouk wa zamani, mkwezi wa mikarafuu kutoka Ukunjwi, akiingia sokoni wauzaji walijikaza. Alishika kitu akakitia ila. Jembe hili chuma chake cha mkebe, kanga hii itachuja kabla ya Ijumaa, mbuzi huyu anakohoa. Kadiri alivyokitaka kitu ndivyo alivyokiponda, na muuzaji aliyajua hayo vizuri, akaapa kwamba anauza kwa hasara, na Mbarouk akaondoka hatua chache makusudi ili aitwe. Akaitwa. Hakuna aliyemwona mwongo. Ndivyo watu walivyonunua, na aliyelipa bei ya kwanza alionekana kama anamdharau mwenye mali.

Katika mavuno ya mwaka wa hamsini na saba, tawi lilimkatikia. Tawi la mkarafuu halina taarifa. Linakubeba asubuhi nzima, kisha linakatika kama bisikuti. Aliangukia mkono wa kulia. Fundi wa kuunga mifupa aliufunga kwa vibanzi, ukapona vibaya, vidole vikabaki vimejikunja, havifunguki wala havishiki. Kukwea kukawa ndiyo basi. Mwenye shamba alimhurumia akampa kazi ya kugeuza karafuu kwenye majamvi juani, kazi inayofanywa kwa miguu, na mavuno yalipokwisha hata hiyo ikakwisha.

Kilichobaki kizima ni kichwa. Utotoni Mbarouk alikuwa amesoma kuliko wenzake, na Kiarabu cha vitabuni alikielewa. Ukunjwi wakati ule haikuwa na mtu wa kugawa mirathi. Aliyekuwepo alikuwa amefariki, na mirathi ya Pemba si jambo la kuchezea: ardhi ya huyu, miti ya yule, mtu anakufa anaacha mikarafuu na kundi la warithi, na ndugu wanaacha kusalimiana kwa sababu ya mti mmoja. Wazee wa kijiji walimwambia Mbarouk wazi kwamba akiisoma elimu hiyo kwa shehe na akapewa idhini, kazi ni yake. Ni kazi yenye heshima, na haimwachi mtu alale na njaa. Kwa mtu mwenye mkono mmoja, mke na watoto, hapakuwa na kazi nyingine iliyomngoja.

Shehe Soud wa Wete alikuwa ametangaza kwamba baada ya Idi ataanza kusomesha kitabu cha mirathi, kila siku baada ya alasiri, na kila mwanafunzi aje na kitabu chake. Darsa zilikwenda hivi: shehe anasoma mstari, anaueleza, na mwanafunzi anayaandika maelezo yale pembezoni mwa ukurasa. Hayo maelezo, hashiya, ndiyo elimu yenyewe. Mistari iliyopigwa chapa katikati ilikuwa mikavu, na bila mtu wa kuifungua hata msomi angeitazama tu. Sasa Mbarouk ataandikia nini? Kuandika elimu ya dini kwa mkono wa kushoto hakuthubutu hata kuwaza. Kwa watu wa rika lake hiyo ilikuwa aibu isiyosemeka. Wenzake nao kila mmoja angekuwa ameinamia chake.

Aliulizia bei hata hivyo. Silima, mchuuzi wa kofia aliyekuwa akienda Unguja kwa meli mara kwa mara, alimpa habari kamili: kitabu kipya, karatasi nyeupe, kimetoka Misri juzi tu, shilingi kumi na mbili. Wiki ile ile zikaja habari nyingine. Bi Badriya, mjane wa marehemu Shehe Hashil, alikuwa akiuza vitabu vya mumewe ili apate mabati, kwa kuwa mvua za masika zilikuwa zikimshukia kitandani. Kitabu hicho hicho anacho, kikuukuu, na anataka ishirini. Watu barazani walicheka. Mbarouk akacheka pamoja nao, kisha akaenda kukiona.

Bi Badriya alikuwa wa nyumba ya wale wenye asili ya Omani waliowahi kuwa na mashamba makubwa, na sasa walikuwa na majina makubwa. Tangu azaliwe hakuwahi kutia mguu sokoni. Baba yake alimnunulia, kisha mumewe, kisha mtumishi, mpaka mtumishi naye akashindikana kulipwa. Alizungumza na Mbarouk kutoka nyuma ya pazia la mlango, akamwuliza hali ya watoto na hali ya Ukunjwi kwa utulivu wa mtu asiyejua kwamba biashara imekwisha anza, kisha akakipitisha kitabu chini ya pazia.

Mbarouk akakifungua. Kingo zote za kurasa zilikuwa nyeusi kwa mwandiko wa Shehe Hashil, mdogo, ulionyooka, mahali pengine umepindishwa kuzunguka pembe kwa kukosa nafasi. Ilikuwa kazi ya miaka. Na Shehe Soud alikuwa mwanafunzi wa Shehe Hashil. Yatakayosemwa darsani baada ya Idi yalikuwa yamekwisha andikwa hapa, neno kwa neno. Kitabu hiki hakikuhitaji mkono. Kilihitaji macho tu, na macho anayo. Mbarouk alikitaka kuliko kitu chochote alichowahi kukishika.

Kwa hiyo akakiponda.

Alisema kimeliwa na mende. Alisema jalada limeachana na kurasa. Nyuma ya pazia hakuapa mtu, hakulalamika mtu, na kimya kile kilimtia Mbarouk ari. Akatoa ila kubwa kuliko zote.

"Na uchafu huu wa pembeni, Bi? Kila ukurasa umevurugwa wino. Mtu anataka kitabu, hataki madoa. Kingekuwa safi tungesema kitu. Hiki, kwa haki ya Mungu, ni cha shilingi nane."

Bi Badriya aliuliza kama wino ndio unaokiharibu. Mbarouk akajibu kwamba wino hasa. Bi Badriya akasema kwamba marehemu alimwusia asikiuze kitabu hiki kwa bei ndogo, ila hakumwambia kwa nini, na yeye anajua kusoma Kurani tu, hayo maandishi mengine hayajui. Mbarouk akakirudisha kitabu chini ya pazia, akaaga, akaondoka kwa mwendo wa polepole, masikio yako nyuma. Alifika barabarani. Hakuitwa.

Nyumbani mkewe, Mize, alisikiliza kisa chote huku akipepeta mchele wa futari.

"Mwenye kukitaka weye, na mwenye kukitia ila weye," alisema. "Kakinunue kabla hakijenda."

Mbarouk alimweleza kwamba muuzaji huachwa apoe. Mwanamke yule ana shida ya mabati, hana mnunuzi mwingine, atashuka hadi kumi, pengine tisa. Akaziacha siku zipite. Mvua zilikuwa nyingi, na kila iliponyesha alijiambia kwamba bei inashuka. Mara moja moja alikifikiria kile kipya cha Unguja. Kumi na mbili, akaongeza juu yake mkono wa kuandikia, na hapo hesabu ilikwama, kwa kuwa mkono hauuzwi Unguja wala Misri.

Kumi la mwisho la Ramadhani likaingia, na Bi Badriya hakuleta salamu. Mbarouk akaanza kuogopa. Aliona mtu mwingine amekaa darsani na kitabu kile mapajani. Alimwuza mbuzi wake wa maziwa, kwa mara ya kwanza bila kumsifu mbuzi wala kubishana, akatia shilingi ishirini mfukoni na kushika njia ya Wete. Alikuwa ameamua kulipa alichoombwa.

Safari hii sauti ya nyuma ya pazia ilikuwa na furaha. Bi Badriya alisema alikuwa akimngoja. Kitabu kilipita chini ya pazia, na Mbarouk alipokishika alisikia kinanukia jua.

Kingo zilikuwa nyeupe. Si nyeupe kabisa. Zilikuwa na rangi ya maji ya mchele, na mahali pengine palibaki kivuli cha herufi moja au mbili. Shehe Hashil alipika wino wake mwenyewe kwa masizi na gundi, ule ule unaoandikiwa mbao za chuo cha Kurani, nao hutoka kwa maji kama unavyotoka ubaoni.

"Nimekisafisha," alisema Bi Badriya. "Kwa pamba na maji, ukurasa mmoja mmoja. Maji yake sikuyamwaga ovyo. Niliyamwaga penye shina la mlangilangi, pasipopita mtu, maana ni mkono wake."

Akaeleza kwamba kurasa za mwanzo zilimliza. Aliposhika pamba alimwona marehemu ameinama na kalamu yake. Baadaye alizoea, na jua lilipotoka kati ya mvua na mvua alikianika juu ya jamvi.

Mbarouk alifunua ukurasa, akafunua mwingine. Alijisikia kama siku ile mkarafuuni, tawi limeshakatika na ardhi bado haijafika. Aliona ni heri asiseme kitu. Mjane apate mabati yake, na yeye aondoke na kitabu chake, na asiyejua asijulishwe. Akaziweka zile ishirini juu ya mkeka, akazisukuma chini ya pazia, akainuka.

Bi Badriya alizigusagusa. Kisha akacheka, kicheko kidogo cha mtu aliyeondokewa na mzigo, akasema kumbe mumewe alijua. Kitabu kilikuwa kikingoja kusafishwa tu. Na kasha zima lipo ndani, vitabu vyote vimevurugwa vile vile. Kesho, Mungu akipenda, ataanza kuvisafisha vyote kabla ya Idi.

Mbarouk alikuwa amekwisha vaa kiatu kimoja. Barabara ilikuwa mbele yake, na hakuna ambaye angemlaumu, kwa kuwa hakuna ambaye angejua. Akakivua kile kiatu.

"Bi Badriya, usivisafishe."

"Kwa nini?"

Akakaa tena akamwambia. Alimwambia kwamba yale maandishi ndiyo yaliyokuwa bei. Kwamba vitabu vipya vimejaa Unguja, lakini maneno ya Shehe Hashil hayakuwa na duka. Alimwambia habari ya mkono wake, ambao mwanamke yule hakuwahi kuuona. Alimwambia kwamba yeye alikitaka kitabu kwa sababu ya wino ule, wala hakutaka kitu kingine ndani yake. Alipomaliza, mvua ilikuwa imeanza, na ndani ya nyumba maji yalisikika yakidondokea bakulini.

"Siku ile ulikuwa hulijui hilo?" aliuliza Bi Badriya.

"Nililijua, Bi."

"Nawe ulisema ni uchafu."

"Nilikuwa napatana bei."

Maji yaliendelea kudondoka bakulini.

"Mie sijui kupatana bei, mwanangu," alisema Bi Badriya. "Mie niliamini."

Vile vitabu vingine hakuviuza. Aliviweka wakfu msikitini, visomwe na yeyote, visiuzwe na yeyote, na mabati aliyopata yalitosha kufunika chumba kimoja. Mbarouk alikaa darsani mpaka mwisho, kitabu cheupe mapajani, akishika kwa masikio alichoweza kushika. Fungu la baba na fungu la mama aliyaweza. Walipofika kwenye fungu la babu akiwa pamoja na ndugu wa marehemu, hesabu zilimchanganya, na hakuwa na pa kurejea. Idhini hakupewa. Kazi ya Ukunjwi ilichukuliwa na mtu wa Gando, naye Mbarouk aliishi kwa mihogo ya mkewe na vibarua vya miguu wakati wa mavuno.

Miaka michache baadaye kijana mmoja wa Tumbe, muuza samaki mpya, alichoka kumwona anatoa pesa bila neno. Biashara namna hiyo haina ladha, alimwambia, akamwomba walau amtie samaki ila moja, kwa mzaha tu.

Mbarouk alimtazama samaki, akamtazama na kijana.

"Nikisema, utaniamini?"

"Nikuamini vipi, Mzee Mbarouk," kijana alicheka, "na hiyo ni bei tu?"

Mbarouk akatoa shilingi yake kwa mkono wa kushoto, akaomba radhi kwamba si wa kulia, akachukua samaki akaenda zake.