Picha ya Mama na Baba Mkwe Wake

Naanza na baba yangu mdogo, yule anayeishi Mbeya, kwa sababu nikianza na ziwa nitalainika. Najijua. Nikianza kusimulia asubuhi ya Matema, milima ile na mitumbwi inarudi, hasira itanitoka kabla sijafika kwenye jambo lenyewe, na hasira hii sitaki initoke. Nataka niseme jinsi mtu mzima, mwenye gari na miwani ya kusomea, alivyotaka kumfukuza mama yangu nyumbani kwake Ngana, na akatumia picha niliyopiga mimi.

Kazi yangu ni kupiga picha kwa simu. Wenye studio pale Kyela mjini wakiniona wananitania: "Dada, kamera bado hujanunua tu?" Ya nini? Simu hii nimeiingiza ndani ya chungu kibichi, ikamtazama mfinyanzi kutoka chini, uso wake umejaa mdomo wa chungu. Nimeifunga kwenye mfuko wa nailoni nikaizamisha ziwani, nikapata matumbo ya mitumbwi. Nimedondoshea kioo cha kamera yake tone la maji, ua la kokoa, lile linalotoka kwenye shina na ambalo hata mkulima mwenyewe halioni vizuri, likajaa picha nzima kama ua la kanisani. Nani mwenye kamera kubwa aliyefanya hayo? Wanakuja, wanapiga machweo, wanaondoka.

Mchezo niliokuwa naupenda kuliko yote ni panorama. Unajua simu inavyofanya: unaanza upande mmoja, unaizungusha polepole mpaka upande wa pili, yenyewe inaunganisha ikawa picha moja ndefu. Watu wengi wanapigia mandhari. Mimi niligundua kwamba picha ile ina muda ndani yake. Upande wa kushoto ni mapema, upande wa kulia ni baadaye. Siku moja sokoni Lyulilo nilianza na mama yangu mdogo, mdogo wake mama, akiwa amekaa nyuma ya vyungu vyake anauza. Simu ilipompita tu nikamwambia, "Kimbia, zunguka nyuma yangu!" Akakimbia na unene wake wote, akatokea upande wa pili akainama kama mnunuzi. Picha ikatoka: mama mdogo anamuuzia mama mdogo chungu. Soko zima lilikuja kuchungulia. Akasema, "Haya, sasa nipunguzie bei, si mimi ni ndugu yangu!" Tulicheka hadi mbavu zikauma.

Ndivyo nilivyojifunza kwamba kwenye picha moja unaweza kuwaweka watu ambao hawakuwa pamoja. Na kwetu nyumbani walikuwepo watu wawili wa namna hiyo.

Kwetu mkamwana haonani na baba mkwe wake. Si ugomvi. Ni heshima, Kinyakyusa tunaita ukutila, yaani kuogopa. Mwanamke akishaolewa, uso wa baba wa mumewe si wa kuutazama na jina lake si la kulitaja, na wakikutana njiani, mwanamke ndiye anayeingia majanini na kujifunika kitenge mpaka mzee apite. Familia nyingi siku hizi wameacha, wanapeana mikono kanisani kama kawaida. Babu hakuacha. Na mama, aliyeolewa kutoka Lyulilo kwa Wakisi, watu wa vyungu, alisema hatakuwa yeye wa kuivunja heshima hiyo.

Baba yangu alipofariki mama alibaki palepale, nyumba yake huku, ya babu kule, uwanja mmoja, na kokoa na migomba nyuma. Yeye ndiye anayempikia mzee na kumfulia. Chakula napeleka mimi, au jirani kama niko safarini. Babu kabla ya kutoka nje anakohoa, mama anaingia jikoni. Nilikua nikidhani babu wote duniani wanakohoa mlangoni. Niliwahi kumuuliza mama, "Hivi huchoki na maisha haya ya kujificha?" Akanijibu, "Nichoke nini? Mwenzangu naye anakohoa mpaka kifua kinamuuma."

Basi siku moja nilisimama katikati ya uwanja nikaanza panorama. Kushoto, babu kwenye kigoda chake mlangoni, anachambua kokoa zilizoanikwa mkekani. Nikampita. Nikaigandisha simu kwenye migomba, nikamsikia babu nyuma yangu ananyanyuka, anaingia ndani, mlango unafungwa. Mama kusikia mlango akatoka jikoni na sufuria ya maji ya kuoshea mchele, akaniona nimekunja magoti na makalio nje kama bata, akaangua kicheko. Simu ikamfikia hapohapo, anacheka, uso wote wazi.

Nilikaa kuitazama ile picha. Babu na mama kwenye picha moja! Haikuwahi kuwepo. Hata za harusi, mama yuko kwenye yake na mzee yuko kwenye yake. Na hakuna aliyemwona mwenzake, hakuna mwiko uliovunjwa. Nikaituma kwenye grupu la ukoo, nikaandika "Nyumbani", nikaenda zangu Matema kazini.

Watu waliniambia baadaye niombe radhi kwa kuituma. Siombi. Aombe radhi aliyeiangalia akaona anachokitaka.

Kabla ya jioni baba mdogo alikuwa ameshatuma voisi, na si moja. Eti mkamwana amesimama hadharani mbele ya mkwe wake, anamkazia macho, tena anamcheka. Eti mzee anadhalilishwa uzeeni. Eti ndiyo matatizo ya kuoa watu wa ziwani. Nilizisikiliza nimesimama ufukweni, damu inanichemka. Nikamwandikia: baba mdogo, hawakuwa nje pamoja, hiyo ni panorama, njoo nikueleze. Akanijibu kwa neno moja: "Nyamaza." Kisha akatangaza kikao. Shemeji yake, maana yake mama yangu, kwa kuwa amevunja heshima ya mji, arudi kwao Lyulilo akatulie, na yeye atatafuta mtu wa kumwangalia mzee na shamba.

Na shamba. Mmeona hapo? Miaka yote kokoa ilipokuwa haina bei hakukumbuka kama kuna shamba. Hakuja kupalilia. Hakuja hata babu alipougua miguu, alituma salamu. Siku hizi kokoa imekuwa kokoa, ghafla ana uchungu na heshima ya mzee. Kikulacho ki nguoni mwako, waliosema hawakukosea.

Na hili ndilo linaloniuma mpaka leo. Kwenye grupu lilelile, juu kidogo tu ukipandisha, kuna video ya harusi ya mwanawe. Yeye, baba mkwe, amesimama ukumbini na suti, mkamwana wake anamlisha keki. Mdomoni! Kisha wanacheza kwaito bega kwa bega. Hakuna aliyeitisha kikao. Nyani haoni kundule, lakini huyu lake analipiga video kabisa.

Siku ya kikao walikuja, wazee wa ukoo na shangazi yangu, dada yake baba. Wakakaa uwanjani mbele ya nyumba ya babu, na babu kwenye kigoda. Na mama je? Mama alikuwa jikoni, nyuma ya ukuta, kwa sababu babu yuko nje. Jamani, fikirini. Mtu anashitakiwa kwamba amevunja mwiko, na mwiko huohuo ndio unaomzuia kutoka kujitetea. Angetoka, ametiwa hatiani. Asingetoka, hana la kusema. Nilipanda mori hadi sikio likawa linavuma.

Nikasimama mimi. Sikuombwa, nikasimama. Nikasema, "Wazee wangu, naomba niwaonyeshe." Nikamwomba shangazi akae upande wa kushoto, nikazungusha simu, ikampita, akanyanyuka akazunguka nyuma yangu akakaa kulia. Nikawapitishia simu. Shangazi wawili kwenye picha moja. Wazee walicheka, mmoja akasema, "Mwe! Sasa mahari yake tungedai mara mbili." Nikajua yamekwisha.

Hayakuisha. Baba mdogo hakucheka. Akasema, "Basi ni hivyo, simu inadanganya. Na aliyeileta ni nani? Mtoto wa mwanamke huyohuyo. Leo wanatuchezea picha, kesho watatuchezea hati za shamba."

Nikamuuliza, "Na keki, baba mdogo? Uliyolishwa na mkweo?"

"Mjini ni mjini," akasema, bila hata aibu. "Hapa ni nyumbani. Nyumbani kuna mila."

Wazee wakaanza kutazama chini. Niliwajua wanapotazama chini hivyo: ni watu wanaotafuta njia ya kukubali bila kuonekana wamekubali. Mmoja akasafisha koo akasema labda mama apumzike kwao kidogo, mambo yapoe. Kidogo! Mwanamke wa kwetu akirudishwa kwao "kidogo", hata sufuria zake anazikuta zina mwenyewe. Nilimgeukia babu. Babu alikuwa ameinamia fimbo yake. Nikamchukia, nasema ukweli. Mzee anayekula mikononi mwa mama yangu kila siku, na neno moja hana.

Hapo ndipo sauti ya mama ikatoka jikoni. Haikuwa ya kulia. Iliniita mimi, kwa sababu babu akiwepo maneno yake hupitia kwangu, lakini aliipaza ifike mpaka kwa jirani.

"Mwanangu!"

"Abee, mama."

"Mwambie baba yako mdogo nimesikia. Nimehukumiwa kwa kumtazama mkwe wangu. Sijawahi kumtazama. Uso wake siujui, ningekutana naye sokoni Kyela peke yake ningempita. Lakini kama nafukuzwa, sifukuzwi kwa kitu ambacho sijakifanya. Mwambie natoka sasa hivi, nije nimtazame vizuri, ndipo niende kwetu."

Na mlango wa jiko ukalia.

Loo! Laiti mngewaona wale wazee walivyoruka. Mila ambayo dakika moja kabla ilikuwa ya kumfukuzia mtu, sasa ilikuwa imesimama mlangoni na kitenge, na wote wakaiogopa kwelikweli. Baba mdogo alivua koti lake akalitandaza mbele ya babu kama mtu anayekinga moto, anapiga kelele, "Shemeji, usitoke! Shemeji, tafadhali!" Mwenye mila zake huyo! Mimi nilisema kwa sauti, "Mpishe, baba mdogo. Si ulisema ameshamwona?"

Babu akaliondoa lile koti kwa fimbo. Akasimama, polepole, na miguu yake ile. Akakishika kigoda, akakigeuza, akakaa ameutazama ukuta wa nyumba yake, mgongo kwetu sote. Kisha akasema, si kwa nguvu, "Mwambieni mke wa mwanangu apite. Huu ni uwanja wake. Kila siku anaingia majanini yeye. Leo naingia mimi."

Baba mdogo alibaki na koti mkononi, hajui alivae au alikunje.

Mama akatoka. Alipita katikati ya uwanja, katikati ya wazee, pale ambapo wakati babu yuko nje hakuwahi kukanyaga tangu aolewe. Babu yuko palepale, karibu kabisa, amempa mgongo. Shingo ilikuwa wazi, sikio lilikuwa wazi, angetaka angeona hata shavu. Nami moyoni nilikuwa nampigia kelele: Mama, tazama! Umeshinda, mtazame, miaka yote hiyo! Akavuta kitenge, akafunika uso upande wa mzee, akapita akiwa ameinamisha macho chini kama siku zote. Alipofika kwa baba mdogo ndipo akainua kichwa. Huyo alimtazama. Alimtazama mpaka yeye mwenyewe akageuka akaanza kutafuta funguo za gari. Mama akachukua ndoo yake, akaenda kuteka maji.

Kikao kilikwisha hivyo, bila mtu kukifunga. Usiku baba mdogo alituma kwenye grupu picha ya mikono inayoomba, akaandika "Tuombeane amani katika ukoo." Nikaona wengine wanamjibu amina. Mimi sikujibu amina, na mpaka leo sijajibu.

Lakini hasira yangu nyingine ilikuwa kwa mama, na nilikuwa nimeshamfuata nayo kisimani mara tu kikao kilipokwisha. Nilimwambia, "Mama, kwa nini hukumtazama? Mzee mwenyewe alikuruhusu. Ulitishia utamtazama, kila mtu ameogopa, halafu unapita umejifunika!"

Aliijaza ndoo kwanza. Akajitwisha. Akaniambia, "Ningemtazama, yule wa Mbeya angekuwa amesema kweli."