Tulivyokwenda Kununua Shamba Chini ya Mlima Meru

Hii aibu yangu hata kanisani Kanyakine sijawahi kuitaja, na kama wifi yangu Makena angekuwa mtu wa kufunga mdomo ningezikwa nayo, lakini kwa vile ameshawaonjesha, wacha niwape yote, maana yeye husimulia kana kwamba hakuwepo.

Nilikuwa nimetamani shamba miaka na miaka. Kwetu Imenti, huku Meru ya Kenya, baba akigawa, wavulana wanapata, sisi mabinti tunaambiwa tutapata huko tulikoolewa, na mimi nilikuwa nimesharudi kutoka huko nilikoolewa. Basi mama mmoja Mtanzania aliyekuwa akiuza vitenge soko la Meru akaniambia kwao Arusha kuna mzee, Mzee Elibariki, anauza shamba chini ya Mlima Meru. Mlima Meru, jamani. Nikaona Mungu ameniandikia. Akanielekeza mpaka nyumbani kwa mzee, akanipa na broka wa huko (wao humwita dalali), ambaye kwa simu alisema nisubiri Jumatatu anipeleke mwenyewe, kuna mambo ya kunieleza kwanza. Nikamwambia Makena twende Jumamosi, Mmeru na Mmeru wanatafutia nini mtu wa katikati?

Hapo ndipo nilipojimaliza.

Lakini ule mlima! Mimi nimezaliwa nikitazama Mlima Kenya, nikidhani hakuna mlima utakaonishangaza, na huyu amesimama peke yake, mguu wake unaanza pale kwenye migomba na kichwa hukioni, kimeingia mawinguni. Na shamba lenyewe, tulilipita njiani: udongo mweusi, tambarare, umelala kama mkeka, mawe machache tu upande wa nyuma. Mtu aliyezoea kulima akiwa ameegemea mteremko akiona ardhi imelala hivyo anatamani kuvua viatu. Nilichota udongo nikaunusa. Makena naye akachota.

Kufika kwa mzee, tukakuta turubai, viti, masufuria, watu wamejaa. Nikamwambia Makena, ona heshima, yule mama wa vitenge lazima aliwapigia simu. Wanawake wakatupokea mikoba kwa vigelegele. Nikawaamkia kwa Kimeru, wakatazamana, kisha wakatabasamu, wakatukalisha mbele, wakatupa ndizi kwa nyama. Tulipokwisha kula, Mzee Elibariki, ndani ya koti lake la Jumapili, akasema, "Wageni wetu, tuliwangoja. Semeni kilichowaleta."

Nikasimama. (Ninafundisha Kiswahili darasa la saba, kwa hiyo nilijiamini.) Nikasema tumetoka mbali, tumeona kitu kizuri katika boma hili, tangu tusikie habari zake hatulali, na tukipewa tutakitunza mpaka kizae. Vigelegele vikapasuka, mama mmoja akafuta machozi. Nikaongeza kwamba tungependa kuzungushia ua hata leo, mbuzi wa majirani wasiingie. Hapo vigelegele vikapungua, nami sikugundua.

"Ila mzee," nikasema, "huku nyuma tumeona mawe mengi. Kwa hayo mawe mtupunguzie kidogo."

Mzee akauliza polepole, "Nyuma ya nani, mama?"

"Ya shamba," nikasema.

Mlangoni alisimama msichana aliyevaa akapendeza, mkono mdomoni. Alikuwa Upendo, binti yake, na siku hiyo ilikuwa ya posa yake. Walikuwa wakingoja watu wa mchumba kutoka Singida, ambao hawajawahi kuonana nao, wakadhani sisi ndio mashangazi, na Kimeru changu ndicho Kinyaturu cha huko kwao. Na kabla sijapata pa kuficha uso, wenye posa wakaingia wakiimba, mimi nimesimama mbele, nyama yao bado iko kwenye meno.

Nilingoja kufukuzwa. Mzee akawaambia wageni wake kwamba hawa ni Wameru wa Kenya, wamekula chakula cha nyumba hii, basi leo ni wa nyumba hii, akatuketisha upande wa bibi harusi. Kisha akaniinamia, akanieleza kwa upole kwamba jina ni moja lakini sisi si kabila moja, na kwamba kwao asiye raia hauziwi shamba, dalali yeyote angeniambia. Yeye alikuwa akitafuta mnunuzi wa hapo hapo. Sijawahi kuona mtu akifunika aibu ya mgeni namna ile, mbele ya wakwe zake.

Wakati ulipofika akamwita binti yake, akamwuliza mbele ya wote, "Upendo, hawa unawajua?"

Upendo akawatazama watu wa Singida, akanitazama na mimi.

"Nawajua, baba," akasema. "Na hawajaomba kupunguziwa."

Turubai nzima ilicheka, nami nikacheka mpaka nikalia, mawingu yakafunguka na kile kichwa cha mlima kikaonekana, na sikujua nalilia nini.

Shamba la ng'ambo sijatafuta tena, na hata la hapa siendi bila broka. Na nikiingia kwa mtu siku hizi, hata kama nimekwenda kununua kuku tu, kabla sijafungua mdomo nauliza: leo mnamngoja nani?