Kipande cha Kioo Juu ya Ufa

Fundi alichukua kipande cha kioo, kirefu kama kidole cha kati, akakibandika kwa jasi juu ya ufa wa ukuta wa chumba cha bibi, ghorofani, ncha moja kulia kwa ufa na nyingine kushoto.

"Kikikatika hiki," akasema, "ukuta unatembea. Msisubiri kufunga mabegi."

Nikamuuliza kama ukitembea utapitia uchochoroni au barabara kubwa. Hakuna aliyecheka. Nina ugonjwa huo: nikiogopa, mdomo unafunguka.

Nyumba yetu ipo Pangani, ya mawe ya matumbawe, kaijenga babu yake babu. Dari yake ni ya boriti, na mlango wake una nakshi ambayo watalii wanaoelekea ufukweni Ushongo hupiga nayo picha bila hata shikamoo kwa bibi aliyeketi kizingitini. Wakati wa ukarabati kila chumba kilijaa mirunda ya kuegemezea dari, ukienda chooni unapenyapenya kama mbuzi kwenye mkonge. Mjomba, mtoto wa bibi na mwenye kulipia kazi, anayekaa mjini, Nguvumali, kwenye nyumba ya tofali yenye vigae vinavyoteleza kama sabuni, alikubali kila cha zamani kiachwe mahali pake. Lakini aliweka sharti: kioo kikikatika, ghorofa nzima inashushwa, linamwagwa zege, na bibi anahamia kwake.

Bibi akalikubali sharti. Kisha akagoma kuhama chumba, kwa kuwa ukuta ule wenye ufa ndio ulioelekea kibla, na mkeka wake wa kuswalia haujawahi kutandikwa pengine.

"Bibi, lala japo sebuleni," nikamwambia.

"Toka hapa, mke mwenzangu. Mume ulishanichukulia, sasa unataka na chumba?"

Babu tulishamzika, lakini utani huo wa bibi na mjukuu haukuzikwa naye.

Kazi ya kukilinda kioo nikapewa mimi, maana nilikuwa likizo na wote waliona sina la maana ninalofanya. Mwanzoni nilijifanya askari, nampigia fundi saluti: "Kioo kipo, afande! Kinapumua vizuri!" Baadaye nikaanza kuisikia nyumba. Mchwa wakitafuna, boriti zikilia jua likipungua, mchanga ukidondoka ndani ya ukuta, kidogo kidogo, kama mtu anayepepeta mchele polepole ili asikike na mmoja tu. Nikiwashwa na pua nilikimbia nje kupiga chafya. Bibi akikohoa, macho yangu yanaruka kwenye kioo kabla sijamwambia pole.

Alasiri moja nilikuwa mlangoni kwake na bakuli la mihogo. Yeye yupo juu ya mkeka, anaswali. Nikasikia: tik. Mlio mdogo, kama jiwe kwenye wali.

Kioo kilikuwa vipande viwili.

"Bibi!"

Akaenda sijida.

"Bibi, kioo kimekatika! Wallahi sikutanii!"

Hakutikisika. Ustadhi alitufundisha chuoni kwamba kwenye hatari mtu anaruhusiwa kuikata swala, na bibi alilijua hilo kabla ustadhi hajazaliwa. Lakini kwa nini aniamini mimi, niliyemwambia fundi kioo kinapumua? Vumbi jeupe likaanza kumwagikia mgongo wake. Miguu yangu ilitaka ngazi, nasema kweli, ilishageuka. Sijui niligeukaje tena. Nilidaka ncha ya mkeka kwa mikono yote miwili nikauvuta na bibi juu yake, kinyumenyume, hadi tukabwagana ukumbini, yeye mapajani mwangu, mihogo kila mahali.

Chumba kikanguruma kama lori linalomwaga kokoto.

Fundi alipanda mbio. Vumbi lilipotua, tukachungulia. Ukuta ulikuwa umesimama. Kilichoanguka ni plasta ya saruji aliyoipiga mjomba alipopata mshahara wake wa kwanza, ili mama yake naye awe na nyumba ya kisasa. Pande lake, kubwa kama mlango, lilikuwa limelala pale kilipokuwa kichwa cha bibi. Nyuma yake kulikuwa na chokaa ya kale, kavu, na vidaka vitatu vya kuwekea taa, ambavyo mimi sikujua kama vipo.

Fundi akagonga mawe kwa nyundo, huku na huku, akajikuna shingo. "Huu ukuta ni mzima. Kilichotembea ni koti lake, hii plasta, na mimi kioo nimekibandika kwenye koti."

Akampigia mjomba. Tulimsikia sote, sauti imejaa simu: "Sitaki maelezo. Kimekatika au hakijakatika?"

"Kimekatika, bosi, ila..."

Bibi, mweupe kwa vumbi hadi kope, akainyakua simu. "Kilichoanguka ni chako, mwanangu. Cha wazee wako kimesimama."

"Haya, mama," akasema mjomba. "Ghorofa ibaki."

Fundi akabandika kioo kingine, safari hii kwenye jiwe lenyewe. Bibi akafagia, akakung'uta mkeka, akautandika palepale.

"Umenikatia swala, mke mwenzangu. Narudia. Nawe kaa hapo."

Nikakaa. Neno la kuchekesha nililitafuta, sikulipata. Alipokwenda sijida nilikuwa nakitazama kioo, ncha ya mkeka mkononi.